Matiti yamelala baada ya kunyonyesha: je, silikoni itayainua?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Dar es Salaam. Nimenyonyesha watoto wawili, wa mwisho ameacha ziwa miezi miwili iliyopita. Matiti yamesinyaa na kulala. Nimeweka akiba ili niende nje kuweka silikoni yasimame kama zamani. Je, nikishaweka ndiyo nimemaliza kwa maisha yote? Na nikizaa tena, nitaweza kunyonyesha? (Mama wawili)

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo litakaloamua kama akiba yako itakwenda panapostahili. Silikoni hujaza titi, hailiinui. Simama mbele ya kioo bila sidiria, utazame chuchu imekaa wapi ukilinganisha na mkunjo wa chini ya titi. Ikiwa juu ya mkunjo, kilichopungua ni ujazo, na kipandikizi (mfuko wa jeli ya silikoni au maji ya chumvi unaowekwa ndani ya titi) huenda kikatosha. Ikiwa imeshuka chini ya mkunjo na inatazama sakafu, unahitaji upasuaji wa kuinua: ngozi iliyozidi hukatwa na chuchu hupandishwa, na makovu yake ni mengi zaidi. Wengine huhitaji vyote viwili. Kipandikizi kizito kwenye ngozi iliyolegea huivuta ishuke zaidi, na hapo unakuwa umelipia tatizo jipya.

Miezi miwili pia ni mapema mno. Titi bado linabadilika, kwa hiyo subiri angalau miezi sita tangu mtoto aache ziwa. Na kama kweli unawaza mtoto wa tatu, ushauri wangu ni uzae kwanza, maana mimba itabadilisha tena umbo ulilolilipia. Kunyonyesha na silikoni wengi wanaweza, ila hakuna daktari mkweli atakayekuhakikishia. Mahali pa kupasuliwa pana uzito hapa: mkato wa kuzunguka chuchu unaweza kukata mirija ya maziwa na mishipa ya fahamu kuliko ule wa kwenye mkunjo wa chini.

Sasa swali la maisha yote. Hapana, na ningependa ulikubali hili kabla hujakata tiketi. Mwili hujenga utando wa kovu kuzunguka kipandikizi, na kwa baadhi ya wanawake utando huo hukaza hadi titi likawa gumu, likapinda, likauma. Kipandikizi chenyewe nacho huchakaa. Cha maji ya chumvi kikipasuka utajua, titi litanywea. Cha jeli ya silikoni kinaweza kupasuka usihisi chochote, ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri kipimo cha MRI (picha za ndani ya mwili kwa sumaku) au ultrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 hadi 3. Ukiwekewa leo ukiwa na miaka 29, jiandae kwa upasuaji mwingine huko mbele. Bajeti yako iwe ya vipimo na ya upasuaji huo pia.

Kuhusu kwenda nje, uliza nani atakuona kidonda kikitoa usaha wiki ya tatu wakati umesharudi nyumbani. Uliza pia wanaweka kipandikizi gani. Mwaka 2010 ilibainika kuwa kampuni ya PIP ya Ufaransa ilikuwa ikijaza vipandikizi silikoni ya viwandani, na wanawake wa nchi nyingi walikuwa tayari wamewekewa. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni vipandikizi vyake vya Biocell vyenye uso wa kukwaruza, kwa kuhusishwa na saratani adimu ya mfumo wa limfu (sehemu ya kinga ya mwili) inayoota kwenye ule utando wa kovu. Dalili yake kubwa ni titi kuvimba miaka kadhaa baadaye. Likikutokea usisubiri, kwani ikigundulika mapema hutibika kwa wengi.

Atakayekuambia anaweza kukuchoma sindano ya silikoni ya maji bila kukupasua, mkimbie. Hiyo huweza kuingia kwenye mishipa ya damu na kuua.

Ukifanyiwa, usiondoke hospitalini bila kadi ya kipandikizi yenye jina la kampuni, aina, ukubwa na namba yake. Ipige picha, na yenyewe uitunze pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Siku utakayokwenda kupimwa mamografia (eksirei ya matiti), mwambie mpimaji una silikoni kabla hajaanza, ili aongeze picha zinazoonyesha nyama ya titi inayofichwa na silikoni.