Mwoga wa Omaha

Mmetuuliza wiki hii: filamu gani ya vita ilikuchekesha ukabaki unaiwaza? Yangu ni The Americanization of Emily, ya mwaka 1964. Julie Andrews, ambaye mwaka huohuo alimwigiza yaya Mary Poppins, hapa ni Emily, dereva wa jeshi mjini London mwaka 1944. Vita vimeshamnyang'anya mume, kaka na baba.

Anampenda nani? Charlie (James Garner), ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani ambaye kazi yake ni kumtafutia admirali wake nyama nzuri, pombe na wanawake wa kucheza nao karata, huku Waingereza wakila kwa mgawo. Charlie ni mwoga na hafichi. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Yeye kachagua kicheko.

Kwangu mimi kilele ni chai bustanini kwa mama yake Emily. Mama huyo anawazungumzia mumewe na mwanawe kana kwamba wametoka kidogo tu. Charlie anaanza kwa mizaha, kisha anasimulia habari za nduguye aliyekufa vitani Anzio, Italia: nyumbani kwao kifo hicho kimegeuzwa ibada, na sasa mdogo wao ana hamu atimize umri, naye aende vitani. Vita, anasema, havidumishwi na majenerali peke yao, hata sisi tunaowatukuza waliouawa tumo. Nilikuwa nacheka, kicheko kikanikwama. Mama naye mwishowe anakiri kwamba wamekufa.

Baadaye admirali, akili zimemruka, anataka maiti ya kwanza ufukweni Omaha, kule Ufaransa ambako majeshi ya Marekani yatashuka kuwavamia Wajerumani, iwe ya mwanamaji, tena ipigwe picha za filamu. Charlie anajaribu kukimbia. Rafiki yake mwenyewe anamtandika risasi ya mguu. Picha yake inajaa magazetini: shujaa wa kwanza kufa! Kumbe yu hai, anachechemea.

Hapo ndipo watazamaji wengi hukasirika. Charlie anataka kusema ukweli wote, hata akifungwa; Emily anamsihi anyamaze, akubali ushujaa wa bandia, waishi. Mara ya kwanza na mimi nilimwona msaliti. Siku hizi namwelewa: ameshazika watatu, na huyu wa nne, mara tu Emily alipojifunza kwake kwamba woga ni akili, yeye ndiye kaanza kutaka ushujaa.