Maswali ya Ujenzi: Upenu uwe sentimita ngapi?

SWALI: Najenga Ipuli, Tabora. Madirisha ya sebule yanatazama kaskazini, ya vyumba kusini. Fundi anataka upenu wa sentimita 60 kuzunguka nyumba nzima, eti ndiyo kawaida. Kuna hesabu yake?

JIBU: Ipo, na hizo 60 zinatosha upande mmoja tu. Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Juni 21 jua la mchana huegemea kaskazini nyuzi 28 hivi kutoka utosini. Desemba huegemea kusini 18 tu. Kwa hiyo kila mita 1 ya kimo, toka ncha ya upenu hadi chini ya dirisha, hutaka sentimita 54 upande wa kaskazini na 33 kusini. Kimo kikiwa mita 1.6, kaskazini ni 86, kusini 53. Ukimwachia fundi 60 zake, sentimita 49 za chini za dirisha la sebule zitapigwa jua mchana wa Juni.

Kikokotoo si lazima. Juni 21 simamisha fito ya mita 1, inyooshe kwa timazi, na utie alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika 5 toka saa sita na nusu hadi saa saba na robo. Kivuli kifupi kuliko vyote kitakuwa na sentimita 54, nacho kitalala kaskazini-kusini barabara. Kitakuja saa saba kasoro dakika kumi, si saa sita: saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Tabora iko 33.

Pima upenu kwa usawa wa ardhi, si juu ya kenchi. Paa likiinama nyuzi 20, 86 hizo hula kenchi ya 92. Upenu mrefu hivyo hubebwa na upepo wa mvua, basi kenchi zifungwe kwa nondo za milimita 6 zilizozamishwa kwenye zege la linta, ile boriti ya juu ya madirisha. Magharibi usijisumbue: saa kumi na moja jioni hata upenu wa mita 2 haufui dafu. Panda mwembe.

SWALI: Fundi alipima kona kwa 3-4-5, mbona vyumba vimepinda? (Urambo)

JIBU: Pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5 hutoa kona ya nyuzi 90, ila huenda yake ilikuwa ndogo. Ukitumia sentimita 60, 80 na 100, kosa la sentimita 1 kwenye ule upande mrefu huwa 21 mwishoni mwa ukuta wa mita 10. Ukitumia mita 3, 4 na 5, huwa 4 tu. Tumia futikamba, kamba ya nailoni huvutika. Kisha pima kona kwa kona: vipimo viwili visipolingana, usimwage zege.