Kwa nini "Peponi" imeniudhi kuliko riwaya za Wazungu?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Tangu nikiwa shuleni nimesoma riwaya nyingi za enzi ya ukoloni zilizoandikwa na Wazungu, zile za wawindaji wa tembo na mabibi wenye mashamba, na hakuna hata moja iliyonikosesha usingizi. Hivi karibuni nimesoma "Peponi" ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili, nikaghadhibika. Tajiri wa pwani anamchukua mtoto wa mdaiwa wake, na watu wa msafara wanawadharau watu wa bara kama si binadamu. Babu yangu, niliyemsomea sura mbili barazani, amesema mwandishi ametuvua nguo mbele ya wageni. Je, nina haki ya kukasirika, au nimesoma vibaya?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haki unayo, ila nadhani hasira yako imekiangukia kitabu kisichostahili. Hebu zirudie zile riwaya za wawindaji, kisha unitajie jina la mpagazi mmoja tu. Pengine utamkumbuka mpishi mwaminifu, au mbeba bunduki anayekufa pale tu bwana wake anapohitaji jambo la kumhuzunisha. Watu hao hawana dhambi kwa kuwa hawakuachiwa kuamua lolote, na wewe ulilala vizuri kwa kuwa humo hukukutana na mtu wa kwenu.

Katika "Peponi", ambayo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, unakutana na watu wa kwenu kila ukurasa. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka kwao na Aziz, yule tajiri wa pwani, akiamini kwamba anafuatana na ndugu wa baba yake. Ni Khalil, kijana wa dukani ambaye naye amewekwa rehani, anayemkaripia mara kwa mara kwamba yule si jamaa yake na kwamba amwite "seyyid", yaani bwana. Ukali wa Khalil hapo una huruma ndani yake, maana anamfundisha mdogo wake namna ya kuishi katika nyumba ambayo hakuichagua. Aziz mwenyewe ni mpole, ananukia manukato, hapigi kelele, na hilo ndilo linalotisha. Mwandishi asiyetujua asingeweza kumchora tajiri wa namna hiyo.

Hofu ya babu, hata hivyo, usiipuuze, kwa sababu ina historia. Mwezi Januari 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha mark milioni 2 kwa ajili ya kampeni ya kijeshi ya Wissmann, kamanda wa Kijerumani, katika pwani yetu, na sababu mojawapo iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Abushiri, aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi yao, alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Lakini utumwa wenyewe Wajerumani hawakuufuta hadi wanaondoka. Ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo mzee aliyekua akisikia maovu ya pwani yakitumiwa kuhalalisha mizinga ana sababu ya kushtuka anapoyaona tena kitabuni. Tofauti ni kwamba Gurnah hamleti Mjerumani kama mwokozi. Katika riwaya hiyo Wajerumani wanasogea pole pole, kwanza kama uvumi, kisha kama kikosi chenye askari weusi wanaokamata vijana, na yule aliyekuwa rehani anabaki kuchagua baina ya mabwana wawili.

Kama babu bado ana subira ya kusikiliza, msomee pia utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhry kuhusu vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, yaani Wajerumani kuitwaa pwani yetu. Huyo aliandika akiwa upande wa waliopigana na Wajerumani, naye ni wa huku huku kwetu Tanga. Baada ya hapo mrudie Yusuf kuanzia sura ya tatu, babu akiwapo, na umwache akatize usomaji kila anapotaka kubisha. Riwaya za wawindaji nazo usizitupe. Zisome ukitafuta majina ya wapagazi.