DNA imebanwa hivyo, seli inaisomaje?

Mkuu umeuliza kama DNA imeviringwa kwenye histoni (protini za kufungia DNA) kiasi hicho, jeni inasomwaje sasa. Iko hivi, kila seli yako ina kama mita 2 za DNA, na kila jozi za besi (herufi za DNA) 147 hivi zimezungushwa kwenye donge la histoni 8, kama uzi kwenye bobini ya cherehani, hiyo ndo nyukliosomu. Sasa kuna vimeng'enya kazi yao kusogeza hayo madonge, maarufu ni SWI/SNF (kundi la protini zinazofanya kazi pamoja), baadhi ya jeni zake ziligunduliwa kwenye hamira (hii hii ya maandazi) maana hamira yenye jeni hizo mbovu ilishindwa kutumia sukrosi (sukari ya kawaida). SWI/SNF inakamata nyukliosomu, inatumia ATP (nishati ya seli), inavuta DNA kidogo kidogo mpaka donge linateleza pembeni au linang'oka kabisa, pale palipofichwa panabaki wazi kusomwa. Vingine havivuti kitu, vinabandika tu asetili (kipande kidogo cha kemikali) kwenye mikia ya histoni, chaji chanya inayoshika DNA inapungua, DNA inalegea. Watu wanavichanganya sana hivi, ila kazi ni tofauti japo vinasaidiana. Na usidharau, karibu saratani 1 kati ya 5 za binadamu zina hitilafu kwenye jeni za SWI/SNF.