Mwamba mweusi, anga jeupe: picha za Raskazone na mjini Tanga

SWALI: Kaka, shikamoo. Natokea Korogwe. Nilikuja Tanga siku mbili na kamera yangu yenye lenzi ya 18–55. Jioni nilishuka pwani ya Raskazone kupiga picha za miamba, maana kila mtu husema jua likikaribia kuzama mwanga unakuwa mzuri. Picha zote mwamba umetoka mweusi tii na anga limeungua, jeupe kabisa. Nikaingia mjini, huko majengo yote yanaonekana yanaangukia nyuma. Desemba nasafiri kwenda Cape Town na sitaki kurudi na picha za namna hii. Nirekebishe nini kwenye kamera?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwenye kamera kuna machache ya kurekebisha, tutayafikia. Ila picha zako za pwani ziliharibika kabla hujaiwasha kamera. Kilichoziharibu ni saa uliyoshukia.

Hilo la jua la jioni ni kweli kwa pwani inayotazama magharibi. Yetu inatazama mashariki. Jioni jua linazama nyuma ya mji, upande wa Milima ya Usambara, na mwamba unaoelekea baharini unakuwa umeshaingia kwenye kivuli chake wenyewe huku anga juu yake bado linawaka. Jicho lako linaimudu tofauti hiyo, kamera haiimudu. Ikipima anga, mwamba unakuwa mweusi. Ikipima mwamba, anga linaungua. Hata ungekuwa na kamera ya mamilioni, saa ile ungepata picha zilezile.

Kwa hiyo rudi asubuhi. Jua la Tanga huchomoza karibu saa kumi na mbili kamili mwezi Novemba, na kama saa kumi na mbili na nusu mwezi Julai. Fika nusu saa kabla, ukiwa umeshachagua pa kusimama, kwa sababu huku karibu na ikweta jua hupanda wima na mwanga laini hauzidi dakika arobaini. Baada ya hapo kila kitu kinakuwa bapa.

Na ukifika usikimbilie kupiga. Usogelee mwamba uutazame. Ile miamba ni matumbawe ya kale, yaliyoota enzi bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mwanga wa chini ukiupiga utaona tundu tundu kama sega la nyuki, makombe yaliyonasa ndani ya jiwe, na pale chini mawimbi yalipoula mwamba mpaka sehemu ya juu ikabaki imening'inia kama kibaraza. Hiyo ndiyo picha. Usisimame ukiwa umeukabili mwamba uso kwa uso na jua likiwa mgongoni, maana vivuli vyote vitapotea. Sogea pembeni, utazame kwa kufuata urefu wa pwani, ili mwanga uje kwa ubavu na kila tundu libaki na kivuli chake. Vaa viatu vigumu, jiwe lile linakata. Na chini ya hicho kibaraza usikae kabisa, wala juu ya ukingo wake: huwezi kujua kimebakiza unene gani.

Jambo la pili ni maji, na hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu hujaa kama saa kumi alfajiri na kupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Jua likichomoza, maji yako katikati ya kupwa. Mwamba umelowa unang'aa, vidimbwi vinaanza kubaki vikiwa na anga ndani yake, na bahari inakuondokea, hivyo njia ya kurudi unayo. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: asubuhi bahari inakujia. Kila siku saa hizi husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo usihesabu kwa kukisia. Nenda soko la samaki la Deep Sea jioni ya kuamkia, muulize mvuvi yeyote kesho maji yanapwa saa ngapi. Mimi nimeishi hapa miaka yote na bado nauliza, kwa sababu siku moja sikuuliza, nikalazimika kurudi na begi kichwani, maji kifuani.

Sasa kamera. Weka kwenye mamlaka yako mwenyewe, yaani M. ISO 100, tundu la lenzi f/8, kasi anza na 1/125 ya sekunde, kisha fungua ile grafu ya mwanga (histogram). Ikiwa kilima chake kimeganda kwenye ukuta wa kulia, anga limeungua. Ongeza kasi mpaka kiachane na ukuta. Piga faili ghafi (RAW), si JPEG peke yake, kwa sababu giza kidogo la mwamba utaliinua baadaye ukiwa nyumbani, lakini anga lililoungua halirudi. Anga likiendelea kushinda, funga kamera kwenye stendi, piga tatu bila kuisogeza: moja sawa, moja pungufu hatua mbili, moja zidi hatua mbili (kila hatua ni mwanga mara mbili au nusu yake), kisha uziunganishe kwenye kompyuta.

Wengi hutaka maji yatoke kama moshi. Mimi sipendi sana, bahari inakufa. Kichujio cha giza (ND), kile kioo cheusi cha mbele ya lenzi, cha hatua 6 kinaigeuza 1/60 kuwa kama sekunde moja, na kwangu hiyo inatosha: unaona wimbi bado ni wimbi, na michirizi ya maji ikiteremka kutoka kwenye jiwe. Kila baada ya picha chache ipanguse lenzi kwa kitambaa safi kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi, ndipo umalize kwa kikavu. Chumvi huioni kwenye kioo kidogo cha kamera, unaiona ukishafika nyumbani, picha zote zina ukungu.

Cape Town utageuza yote haya. Pwani yake ya Atlantiki, kama miamba ya Chapman's Peak, inatazama magharibi, kwa hiyo huko jioni ndiyo yenyewe. Mwezi Desemba jua linazama karibu saa mbili usiku, na machweo ni marefu kuliko yetu, hutahitaji kukimbizana nayo. Ila msimu huo upepo wa kusini mashariki ni mkali. Stendi ifungie begi zito katikati, na vile vipande vya chini kabisa vya miguu yake usivivute.

Majengo yanayoanguka: ulisimama karibu, ukaweka lenzi kwenye 18, ukainua kamera juu. Kamera ikiinama nyuma, jengo nalo linainama. Vuka barabara, rudi nyuma, tumia 35 au zaidi, na kamera ibaki sawasawa. Barabara ikijaa sehemu ya chini ya picha, mwache mtu apite pale. Kwa mnara wa saa au Boma la zamani la Wajerumani, njoo dakika kumi na tano baada ya jua kuzama, taa zimewashwa na anga bado ni la buluu. Stendi, ISO 200, f/8, sekunde moja hadi nne. Dakika ishirini na ushei tu, kisha anga ni jeusi. Bandarini, polisi na kwenye kambi usinyanyue kamera bila ruhusa, na mtu yeyote msalimie kwanza ndipo umwombe.

Ukiwa bado na mwanga, nenda Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, uwasubiri watu wa baiskeli. Tanga bila baiskeli si Tanga. Weka kasi 1/30, simama miguu imetanuka, chagua mmoja akiwa bado mbali, umfuate na kamera kwa kugeuka kiunoni, si mikononi. Akifika sambamba nawe, bonyeza, na uendelee kugeuka naye mpaka amekupita. Uso wake utatoka mkali, na maduka ya nyuma yatakuwa michirizi ya rangi. Kumi za kwanza zitaharibika. Piga thelathini.