Karatasi ya kusaini pale buchani

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nina bucha Majengo, Moshi. Juzi alipita kijana wa umoja wa wakopeshaji na karatasi ya kusaini, wanapinga kanuni za mikopo kukazwa. Anadai zikikazwa, hata mimi ninayewaandikia wateja nyama kwenye daftari nitadaiwa leseni. Huo umoja siujui. Nitajuaje nani anaulipia? (Mangi wa bucha)

JIBU: Mangi, usisaini kwanza. Hoja ya bucha ni ya zamani. Mwaka 2009 Marekani walikuwa wanajadili kuunda chombo cha kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Chemba ya Biashara ya huko ikatoa tangazo lenye muuza nyama, kwamba hata yeye na wateja anaowakopesha wataguswa. Sheria ya Dodd-Frank ilipopita 2010, chombo kikaundwa, na wanaokopesha bidhaa zao wenyewe wakaachwa nje kwa sehemu kubwa. Chemba hiyo haitangazi orodha ya wanachama wake. Watu walimwona muuza nyama, waliochanga hela hawakuwaona.

Na Wamarekani hao wana sheria ya kuwaanika washawishi, yaani wanaolipwa kuwabembeleza wabunge na serikali, tangu 1995! Anayelipwa kushawishi hujisajili, na kila robo mwaka anaripoti mteja, suala na kiasi cha fedha. Tundu liko kwenye neno "na": mchangiaji wa umoja hutajwa akitoa zaidi ya dola 5,000 kwa robo mwaka NA akishiriki kikamilifu kupanga au kusimamia ushawishi. Toa hela, vikao waachie wengine, jina lako halitokei. Fomu haiulizi hata kama ulipinga au uliunga mkono.

Kwetu daftari la washawishi la namna hiyo halipo, kwa hiyo fuata karatasi. Mwombe kijana cheti cha usajili na majina ya viongozi, uyalinganishe na orodha ya wakopeshaji wenye leseni ambayo Benki Kuu huitoa. Akianza kukwepa, umeshapata nusu ya jibu. Kisha tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 30 kukujibu. Usiombe "taarifa zote", utazungushwa. Omba maoni ya maandishi yaliyopokelewa juu ya kanuni hizo, na majina ya taasisi zilizoyaleta.

Ukipata rasimu mbili za kanuni hizo, ya kwanza na ya mwisho, zisome sambamba. Mara nyingi kinachopiganiwa ni kaneno. Tuseme ya kwanza inaweka ukomo kwa "riba na ada zote", ya mwisho imebaki "riba". Kwa mkopo wa shilingi 500,000 wa mwezi mmoja, riba ya asilimia 3.5 ni 17,500. Mkopeshaji akikata 25,000 za "fomu" mapema, mteja anaondoka na 475,000 na kurudisha 517,500. Gharama ni karibu asilimia 9 ya alichoshika mkononi, na ukomo haujavunjwa. Aliyeomba "ada" ifutwe ndiye unayemtafuta.

Kuhusu daftari lako: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inalenga biashara ya kukopesha fedha. Kilo mbili za hadi mwisho wa mwezi, kwa bei ileile ya taslimu, mimi sizioni humo. Siku ukianza kuwapa wateja noti kwa riba, panda basi uje Arusha tuongee leseni.