Kimya cha mwenzako si lazima kiwe jibu

Mmeuliza wiki hii: ni kitu gani kinachovuruga zaidi mazungumzo kati ya watu wa tamaduni tofauti? Wengi watataja lugha, wengine ishara za mikono. Mimi nasema ni ule muda mfupi kati ya mmoja kumaliza kusema na mwenzake kuanza.

Mwaka 2009 watafiti walitoa matokeo ya kupima muda huo katika lugha 10, kwa maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana. Wasemaji wa Kijapani walijibu karibu papo hapo; wa Kidenmaki walichukua kama nusu sekunde. Tofauti ni ndogo mno, lakini sikio lililozoea mwendo wake huihisi, na hapo mtu huanza kuonekana mzito, mkaidi au mwenye kuficha jambo.

Wanaisimu Ron na Suzanne Scollon waliliona hilo Alaska. Waathabaska, wenyeji wa asili wa huko, wakiwa katikati ya maneno yao hutua kwa muda mrefu kidogo kuliko wasemaji wa Kiingereza. Basi msemaji wa Kiingereza akisikia kimya, hudhani zamu imerudi kwake, anaendelea. Mwenzake alikuwa bado hajamaliza. Wakiachana, msemaji wa Kiingereza anaona Waathabaska hawana la kusema, naye Mwathabaska anaona wasemaji wa Kiingereza hawajui kunyamaza. Linaloniuma ni kwamba hakuna aliyekosa adabu. Kila mmoja alifuata heshima aliyolelewa nayo, na bado lawama zinaangukia jamii nzima. Hakuna hata wa kuomba radhi, maana hakuna aliyejua kilichotokea.

Mikutano ya mtandaoni imeongeza tatizo, kwa kuwa sauti yenyewe huchelewa njiani.

Vijitabu vya "Wajapani wako hivi, Wajerumani wako vile" siviamini sana. Watu wa nchi moja nao hawafanani. Ningependa zaidi anayeongoza kikao cha watu mchanganyiko atume maswali mapema, na akishauliza, angoje kwanza, hata kama kungoja kunamkera. Asitangaze kwamba wote wamekubali kwa sababu tu hakuna aliyepinga. Na asiyependa kusema mbele za watu aruhusiwe kuandika maoni yake, yasomwe kabla uamuzi haujapitishwa.